Jiwe la figo na mimba juu, hapa hapa Mwanza: huduma nilizopitia na nyota zake

Nyota natoa hapa mwanzoni kabisa maana najua wengi hamsomi mpaka chini. Duka la dawa la mtaani: nyota moja, na hiyo moja ni kwa vile alinipa kiti. Dawa ya chupa ya "kuyeyusha mawe": sifuri. Kituo cha altrasaundi: tano. Wodi ya hospitali kubwa: nne. Mapokezi ya hospitali hiyo hiyo: mbili, na nimejikaza sana kuwapa hizo mbili. Majina sitaji kwa hiyo msije inboksi kuniuliza.

Na kigezo changu sio usafi wa choo wala nesi mcheshi. Kigezo ni hiki: umefika umejikunja, tumbo liko mbele, je kabla mtu hajashika dawa yoyote anakuuliza mimba ina wiki ngapi? Kote nilikopita walioanza na hilo swali walijua wanachofanya mpaka mwisho, wasiouliza walikuwa wanauza tu.

Haya. Nilikuwa na wiki 26, mimba ya pili, kliniki nahudhuria vizuri, damu ipo, presha ipo sawa. Maumivu yakaanza usiku ubavu wa kulia kwa nyuma, chini ya mbavu, yanashuka kuja kinenani, yanapanda mpaka unatapika afu yanaachia, unajisemea afadhali, yanarudi. Huwezi kulala, huwezi kukaa, nilikuwa nazunguka sebuleni nimeshika ukuta. Bibi jirani yetu huku Kirumba akaja na kitambaa na maji ya moto, akasema mayu (mama, kwa Kisukuma) hilo ni chango tu. Shemeji akasema huo uchungu, twendeni leba. Mume wangu akasema yutiai maana siku hizi kila kitu yutiai. Na wala siwacheki, daktari alikuja kuniambia jiwe kwa mjamzito linadanganya sana, linaweza kufanana na uchungu wa kabla ya wakati, kidole tumbo, kondo kuachia, maambukizi ya figo, ndo maana wengi wanachelewa kugundulika. Mimi nilichoona tofauti ni kwamba tumbo lenyewe lilikuwa laini, halikazi na kuachia, maumivu yote yako pembeni na mgongoni, na asubuhi mkojo ukatoka mwekundu. Ila usijipime mwenyewe nyumbani kwa maelezo yangu maana kuna ambao jiwe linaamsha na uchungu wenyewe, vyote viwili kwa pamoja.

Sio ugonjwa wa kila siku ila sio wa ajabu pia, wanasema ni kuanzia mjamzito 1 kati ya 200 mpaka 1 kati ya 1,500 hivi, na wengi linawashika miezi ya kati na ya mwisho.

Sasa tuanze na duka la dawa. Nilienda na mdogo wangu wa kike, muuzaji kijana kavaa koti jeupe, nikamweleza ubavu na mkojo mwekundu, hajainua hata macho. Kachukua diklofenaki ya kuchoma, kachukua sipro, kachukua na dawa ya kichocho, kaanza kupiga hesabu kwenye kalkuleta. Nilivaa dera pana ndio lakini wiki 26 hazifichiki kwenye dera jamani. Mdogo wangu ndo akamwambia, kaka huyu mjamzito. Unajua alijibu nini? "Aaah, basi tupunguze dozi." Tupunguze dozi! Tukasukuma kila kitu kaunta tukatoka.

Hasira yangu ina sababu, ngoja niieleze maana ndo kiini cha mambo yote haya. Diklofenaki na wenzake, ibuprofeni na hizo zote za jamii hiyo, kwa mtu asiye na mimba ndo dawa nzuri kabisa ya maumivu ya jiwe, kwa hiyo muuzaji anaitoa kwa mazoea tu. Kwa mjamzito ni habari nyingine. Kuanzia wiki ya 20 zinaweza kugusa figo za mtoto, na maji yanayomzunguka kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, figo zikilegea maji yanapungua. Ile mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo hilo Oktoba 2020. Ukifika wiki 30 na kuendelea kuna hatari nyingine ya zamani inayojulikana, zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Na hapo hamna cha "kupunguza dozi" kwa kukadiria kaunta, hapo ni kuacha, na ikitokea sababu ya kutumia basi ni daktari anayemfuatilia mtoto ndo aamue.

Sipro nayo, hiyo ni antibayotiki, kwa mjamzito sio dawa ya kukimbilia wakati zipo nyingine salama. Doksi ndo kabisa weka mbali, inaharibu meno na mifupa ya mtoto. Septrini haitakiwi miezi mitatu ya kwanza, na karibu na kujifungua pia wanaiogopa. Sindano za jenta nazo zina mambo yake ya masikio na figo, sio za kuchomwa dukani. Kwa hiyo mtu akikupa antibayotiki bila kujua wiki zako amekupa bahati nasibu. Zipo zilizozoeleka kwa wajawazito, zile za jamii ya amoksi na sefalosporini, lakini hata hizo wanatakiwa kwanza waoteshe mkojo waone kuna mdudu gani, kama yupo.

Na hiyo ya kichocho imenichekesha mpaka leo. Najua tunaishi ziwani, na mkojo mwekundu kwa wazee wetu ni kichocho moja kwa moja. Lakini nesi mmoja wodini alinieleza vizuri, kichocho kilichojaa huku ufukweni ni kile cha tumbo, kinachotoa damu kwenye choo kikubwa, kile cha mkojo kipo zaidi huko bara kwenye madimbwi na majaruba, Kwimba huko, Misungwi, Magu. Na dawa yenyewe, prazikwanteli, Shirika la Afya Duniani linaruhusu mjamzito apewe baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo wala sio kwamba ingeniua. Kosa ni kubahatisha. Unampa mtu dawa ya kichocho, jiwe limeziba mrija, anarudi nyumbani kusubiri nafuu.

Dawa ya chupa. Hii aliileta mama mkwe kwa mapenzi yake, kainunua mnadani, chupa ya maji ya nusu lita imebandikwa karatasi ya fotokopi: MAWE YA FIGO, NGIRI, PRESHA, SUKARI, NGUVU ZA KIUME, UZAZI. Chini namba ya simu. Mume wangu akapiga akauliza mjamzito anaruhusiwa, akajibiwa "hata mtoto mchanga anakunywa". Kuna nini ndani? "Miti saba." Miti gani? "Hiyo ni siri ya mzee."

Sikilizeni, sina ugomvi na mitishamba, nimekulia humo. Ila mambo mawili. Kwanza mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu, na hayo hayayeyuki kwa kunywa kitu, ama yatoke ama yatolewe. Yanayoweza kuyeyushwa ni yale ya asidi ya yuriki, na hata hayo yanafanywa kwa dawa inayopimwa kipimo, mkojo unapimwa na wewe unafuatiliwa. Pili, sisi wa Kanda ya Ziwa wote tunajua kuna miti mama anapewa leba ikichelewa ili uchungu upande. Wiki 26 nani anataka uchungu upande? Na hujui kama huo mti ni mmoja wa hao saba. Mama mkwe sikumvunjia heshima, nilipokea kwa mikono miwili nikasema asante mama, nikaiweka juu ya kabati, ipo mpaka leo inafuga ukungu. Wale wa "kunywa bia inasukuma mawe" siwajibu. Wa ndimu nawajibu nusu, ndimu kwenye maji ya kunywa inasaidia mawe mapya yasitengenezeke kirahisi, lililokwisha kukwama haiyeyushi.

Altrasaundi sasa, hapa ndo nataka kukaa maana nimepima mimba mbili sehemu tofauti tofauti na sijawahi kuona mtu anafanya kazi hivi. Kituo kidogo cha binafsi, kipo ghorofani, ngazi hazina hata pa kushika (hapo nilitaka kukata nusu nyota nikaghairi), bei elfu ishirini. Mpimaji ni mdada tu wa makamo yangu. Swali la kwanza, "dada mimba ina wiki ngapi?" La pili, "mtoto anacheza leo?" La tatu, "umepata homa au kutetemeka?" Hapo sijakaa bado. Akanipa maji ninywe nisubiri kibofu kijae, nikamuona mkorofi kwa sababu nilikuwa nataka kufa, baadae ndo nikaelewa.

Alianza na mtoto, moyo, kondo, maji, akasema huyu yuko sawa tumuache apumzike. Akahamia figo. Ya kulia ilikuwa imevimba, mi macho yamenitoka, akasema tulia kwanza, hii peke yake sio jiwe. Wajawazito wengi figo zinavimba kidogo bila ugonjwa wowote, homoni ya mimba inalegeza mirija ya mkojo na mji wa mimba unaikandamiza, na kulia ndo zaidi. Kwa hiyo mpimaji mvivu ataona uvimbe ataandika jiwe, au ataona uvimbe atasema mimba tu hiyo nenda kalale, na wote wamekosea.

Alichofanya yeye akahamia kwenye kibofu akawasha rangi kwenye mashine. Mkojo haudondoki kimya kimya kutoka kwenye figo, unarushwa, na ukiwa na rangi kwenye skrini unauona ukiruka kuingia kibofuni, kushoto kwake na kulia kwake. Akasema tuhesabu wote. Kushoto ukaruka. Ukaruka tena. Kulia kimya. Kushoto tena. Kulia kimya. Akanigeuza nilalie ubavu wa kushoto ili mimba iondoke juu ya mrija, maana ingekuwa ni mimba tu imekandamiza hapo ungeanza kutiririka, tukasubiri, ukatoka kimruko kimoja dhaifu hata hakifiki katikati. Akasema haya, kuna kitu kimekaa mlangoni. Akashuka na kile kifaa mpaka chini kabisa karibu na kibofu (na ndo maana alitaka kibofu kijae, anapitia humo kuona) na kikawepo, kidoa cheupe chenye kivuli nyuma yake. Milimita 5. Akanionyesha na kingine figo ya kushoto, milimita 4, kimelala huko juu hakisumbui mtu.

Ripoti kaandika akiwa ananiambia kila neno. Na akasema nisikubali kupelekwa eksirei kwa haraka haraka. Altrasaundi haina mionzi ndo maana inaanza kwa mjamzito, inaweza kukosa baadhi ya mawe ndio, ikishindikana kuna MRI, ile mashine ya picha ya sumaku, bila ile dawa ya rangi ya kuchoma, na CT skani ya dozi ndogo inabaki mwisho kabisa pale ambapo kutojua ni hatari kuliko mionzi. Kwa mtu asiye na mimba CT ndo ya kwanza, kwako wewe mambo yamegeuzwa. Nyota tano. Ngazi wazitengeneze.

Mapokezi ya hospitali: dirisha la kwanza kadi, dirisha la pili bima, rudi la kwanza, mtandao uko chini, kaa pale mama. Nimeulizwa namba ya simu ya ndugu kabla ya kuulizwa nina nini. Aliyeniokoa ni mkunga aliyekuwa anapita zake na trei, akaniona nimeinama, akauliza wiki ngapi, akanishika mkono tukapita pembeni. Nyota mbili zote ni zake.

Wodini daktari wa mkojo na daktari wa akina mama walikuja pamoja, hiyo tu ilinipa moyo. Wiki ngapi, homa, mtoto anacheza, na swali moja ambalo sikulitegemea: figo zako zote mbili zipo? Nikacheka kwa maumivu. Kumbe ni swali la maana, kama unayo moja na ndo imeziba hapo hamna kusubiri. Wakachukua damu kuangalia figo inavyofanya kazi, mkojo wakauotesha, malaria wakapima, hamna.

Matibabu yenyewe sasa ndo yanawashangaza watu nikiwasimulia, maana hayakuwa makubwa. Panadol ya mshipani. Sindano moja ya pethidine, dawa kali ya maumivu jamii ya mofini, usiku ule yalipozidi, na daktari akanieleza kwamba dawa za jamii hiyo kwa muda mfupi mjamzito anaweza kupewa, wanachoogopa ni kuzizoea na kuzitumia karibu na kujifungua, mtoto anazaliwa amelegea kupumua. Dawa ya kutapika. Dripu za kurudisha maji niliyotapika, sio za kusukuma jiwe, nikamwambia dokta niongezee basi lisukumike, akasema kujaza maji kwa nguvu hakulisukumi, figo inavimba zaidi unaumia zaidi. Kulalia upande usiouma. Kutembea korido. Antibayotiki sikupewa kwa sababu mkojo haukuwa na maambukizi. Ile tamsulosini wanayopewa wengine kulegeza mrija nayo sikupewa, alisema kwa wajawazito ushahidi wake ni mdogo na haijasajiliwa kwa kazi hiyo, wengine wanaitumia yeye kwa jiwe la milimita 5 lililo chini kabisa haoni haja.

Shemeji akakasirika, mmelipwa mnampa panadol tu! Daktari hakukasirika, akasema dada, kwa wajawazito karibu 70 mpaka 80 kwa mia mawe yanatoka yenyewe ukituliza maumivu na ukawalinda mama na mtoto, kazi yetu ni kujua nani hayuko kwenye hao. Na ni kweli, kila baada ya muda kuna mtu anakuja, anapima joto, anasikiliza moyo wa mtoto, anauliza tumbo linakaza? Kwangu mimi hiyo ndo huduma niliyolipia. Nyota moja nimeikata kwa sababu usiku ukiomba dawa ya maumivu unangoja mpaka zamu iamke, na bafu ni moja kwa wodi nzima.

Hatari zinazobadilisha mchezo alizitaja kwa vidole: homa, maumivu yasiyozimika, figo moja, figo zote mbili kuziba, figo kuanza kuchoka kwenye vipimo, au uchungu kuanza. Ukiona homa na jiwe kwa pamoja usilale nyumbani ukimeza mseto kwamba ni malaria. Usaha ukiwa nyuma ya jiwe antibayotiki peke yake haifiki, lazima mkojo utafutiwe njia ya kutokea.

Hilo nililiona kwa macho. Kitanda cha jirani aliletwa mama wa Ukerewe, mimba yake changa kuliko yangu, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, huko kwao alitibiwa malaria. Usiku ule ule wakamuwekea stenti, kimrija laini kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka kwenye figo kupita pembeni ya jiwe, bila kisu, na walikuwa wanaongozwa na altrasaundi badala ya eksirei. Ingeshindikana wangetoboa mgongoni kuweka mrija wa kutolea mkojo kwenye mfuko. Asubuhi joto limeshuka anaomba uji.

Lakini stenti kwa mjamzito ina dawa yake chungu. Mtu wa kawaida anakaa nayo miezi mitatu au zaidi, mjamzito mkojo wake una kalsiamu nyingi, mrija unashika ukoko haraka, kwa hiyo inabadilishwa kila wiki 4 mpaka 6 hivi mpaka ajifungue. Sasa fikiria wewe umekaa Nansio, meli masaa matatu na zaidi kuja mjini, ziwa likichafuka hamna safari, na nyumbani kuna watoto. Daktari alikaa na mume wake wakafungua kalenda ya simu wakahesabu mpaka tarehe ya kujifungua, nikasema moyoni hapa ndo pa kumjua daktari. Akawapa na njia nyingine, maambukizi yakiisha kabisa, kuingiza kamera nyembamba kupitia njia ya mkojo mpaka kwenye jiwe na kulivunja kwa leza. Hiyo kwa mjamzito inakubalika ikifanywa na mzoefu, miezi ya kati ndo inapendwa zaidi, leza inafanya kazi pale pale kwenye jiwe haimfikii mtoto, na jiwe likishatoka hamna kubadilisha badilisha stenti. Ganzi yenyewe na hatari ya kuamsha uchungu ndo vya kuangalia. Waliamua nini sijui, mi niliruhusiwa kabla yake.

Ambacho hakiruhusiwi kabisa ni ile mashine ya kupasua mawe kwa mawimbi kutoka nje ya mwili. Nawaambia hii kwa sababu kuna watu wanatangaza "mawe yanatoka bila upasuaji" na hawaandiki chini kwamba mjamzito hapana. Mjamzito hapana. Na ile ya kutoboa mgongoni kutoa mawe makubwa inasubiri mtoto atoke kwanza.

Chakula nigusie kidogo maana mtaa mzima uliniambia acha dagaa, zina chokaa, ndo zimekupa mawe. Mimi ni mtu wa Mwaloni, soko la samaki na dagaa hapa Kirumba, dagaa ndo ada ya shule ya watoto na ndo mboga. Mtaalamu wa lishe akasema usiache. Kalsiamu ya chakula (ndo hiyo chokaa) inakutana tumboni na oksaleti, kitu kilichomo kwenye vyakula kama mchicha na karanga ambacho kikifika kwenye mkojo kinashikana na kalsiamu kuwa jiwe, zinashikana huko huko zinatoka na choo, ukiiacha ndo oksaleti inapanda kwenye mkojo. Na mimba inaihitaji. Cha kupunguza ni chumvi, hasa zile dagaa za chumvi na ubwabwa wa chumvi juu ya chumvi, usile mchicha na karanga kila mlo, na vidonge vya vitamini C vya kumeza kwa wingi achana navyo. Maji unywe mpaka mkojo uwe mweupe mweupe, basi.

Jiwe langu lilitoka nyumbani. Wodini waliniambia nichuje kila mkojo ila hawakunipa cha kuchujia (wangeweka hata vikapu vya chujio pale dukani kwao wangepata hela), nikanunua chujio la chai soko la Kirumba, nikaandika jina langu kwenye mpini kwa kalamu ili mtu asije akachujia chai. Nakojoa kwenye kopo, namimina. Kuna alfajiri maumivu yalipanda yakakatika ghafla, nikamimina nikasikia kitu kimegonga waya. Punje ya mtama, kahawia, ina ncha ncha. Nikampigia mume wangu makofi aamke aje aone. Nililiweka kwenye kichupa nikalipeleka kliniki, likapimwa, ni kalsiamu.

Nilijifungua wiki zimetimia, kwa kawaida, mtoto wa kike. Lile la kushoto bado lipo, sasa hivi hata CT naruhusiwa na hata hiyo mashine ya mawimbi kama watataka, kunyonyesha hakuzuii, ila wanasema kwa milimita 4 lisiposumbua tunalitazama tu. Kwa wanaouliza utaratibu: kliniki ya mkojo ina siku zake maalumu kwa wiki, pigeni simu kabla ya kupanda daladala, nendeni na ripoti ya altrasaundi ya karatasi sio picha ya simu, na kadi ya kliniki ya mimba msiiache hata kama mmeshajifungua maana wanasoma vipimo vya nyuma humo humo. Ukifika dirishani wasipokuuliza wiki, zitaje mwenyewe kwa sauti kabla ya jina lako.